Mizani Ndani ya Biti: Kasi, Ufunguo na Mchanganyo wa Sauti katika Hip-hop ya Eastlands, Nairobi

Tahakiki nyingi za nyimbo za vijana zinazoandikwa katika idara za Kiswahili huanza na kuishia kwenye maneno. Mtafiti huusikiliza wimbo, huyanakili maneno yake, kisha huyachambua yale aliyoyanakili: msamiati wa Sheng, tamathali, dhamira, pengine na taswira ya mwanamke. Kilichobaki nje ya karatasi hakijadiliwi. Hata hivyo, wimbo wa hip-hop haukutungwa ili usomwe. Ulitungwa juu ya mapigo yaliyopimwa, katika ufunguo fulani wa muziki, na sauti ya mtunzi ikachanganywa na sauti nyingine kabla ya kumfikia msikilizaji aliyeketi ndani ya matatu inayoelekea Buruburu. Makala haya yananuia kuyaeleza mambo hayo matatu, yaani kasi, ufunguo na mchanganyo wa sauti, na kuonyesha namna yanavyougusa ushairi wenyewe: mkazo unaangukia wapi, kina kinasikika wapi, na wakati mwingine hata kama kauli ni ya kukubali au ya kukanusha.

Mitaa inayorejelewa ni ile iliyo mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi. Ipo mikongwe kama Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo na Jericho, iliyojengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Ipo Dandora, Umoja na Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970. Dandora ndiko lilikochipuka kundi la Kalamashaka, ambalo wimbo wake "Tafsiri Hii" wa mwishoni mwa miaka ya 1990 uliwathibitishia wengi kwamba hip-hop nzito inaweza kufokwa kwa Kiswahili, na ambalo albamu yake, Ni Wakati, ilitoka mwaka 2001. Pembeni yao likakua kundi pana la Ukoo Flani Mau Mau. Kariobangi South ikatoa kundi la K-South. Katika mtaa wa California, Clemo na Jua Cali walianzisha studio ya Calif Records mwaka 2000, na humo mtindo wa genge ukapata umbo. Albamu ya Nonini, Hanyaring Game, ilitoka mwaka 2004, na Juacali Sekta ya Jua Cali ikafuata mwaka 2006. Baadaye Umoja ikatoa kundi la Ethic, ambalo wimbo wake "Lamba Lolo" wa mwaka 2018 uliufungulia mlango mtindo wa gengetone, nayo Buruburu ikatoa Buruklyn Boyz, wenye albamu East Mpaka London ya mwaka 2022. Hiyo ni zaidi ya robo karne ya utunzi ambao haukwenda kwa kasi moja.

Kasi na hesabu ya mizani

Kasi ya wimbo hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Pigo ni ile hatua ambayo mguu wa msikilizaji huigonga sakafu bila kuamriwa. Mtu asiye na chombo chochote anaweza kuipima kwa saa ya mkononi: ahesabu mapigo ya sekunde 15, kisha azidishe kwa nne. Akipata mapigo 24, wimbo unakwenda kwa mapigo 96 kwa dakika. Hip-hop ya mkondo wa kale, ile iliyowalea Kalamashaka na wenzao, aghalabu hukaa kati ya mapigo 85 na 95. Nyimbo za kuchezeka, zikiwamo nyingi za genge na gengetone, husogea mbele kidogo, zikapakana na kasi ya muziki wa dansi wa Jamaika ambao vijana wa Nairobi waliukulia. Mtindo wa drili unaosikika Buruburu siku hizi huandikwa kwenye kompyuta kama mapigo 140 hivi, ingawa sikio huusikia kama 70.

Mapigo hayo hupangwa manne manne. Fungu moja la mapigo manne ndilo wafokaji wanaloliita baa. Ndani ya kila pigo mna nafasi nne ndogo za sauti, hivyo fungu zima lina nafasi 16. Hapa mwanafunzi wa ushairi hana budi kutulia. Kumi na sita ndiyo idadi ya mizani katika mshororo wa shairi la arudhi, vipande viwili vya mizani nane nane, kama alivyoeleza Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954). Utenzi, wenye mizani nane kwa kipande na vipande vinne kwa ubeti, huingia sawasawa katika mafungu mawili. Ubeti wa tarbia huchukua manne. Ubeti wa kawaida wa hip-hop una mafungu 16. Kwa hivyo, mfokaji angeijaza kila nafasi kwa silabi moja, angekuwa ameghani beti nne kamili za tarbia.

Ulinganifu huu haumaanishi kwamba kijana wa Dandora alikuwa akiiga arudhi ya pwani. Mgawanyo wa nne mara nne ulitoka Marekani pamoja na biti zenyewe. Ila unaeleza kwa nini Kiswahili kiliingia ndani ya biti hizo bila kuvunjika mbavu, jambo ambalo wengi walilitilia shaka wakati ambapo kufoka kwa Kiingereza kulihesabiwa kuwa ndiko kufoka. Kwa mapigo 96 kwa dakika, fungu moja huchukua sekunde mbili na nusu. Silabi 16 katika muda huo ni kama silabi sita na nusu kwa sekunde, mwendo ambao haupitani sana na wa mazungumzo ya haraka ya kawaida. Mfokaji haongei kwa pupa. Anazungumza kama anavyozungumza na rika lake kibarazani, ila kwa mpango. Kwa mapigo 140, kama yangehesabiwa moja kwa moja, silabi zingezidi tisa kwa sekunde, na lugha yenye vitenzi virefu kama Kiswahili ingemsonga msemaji. Ndiyo maana drili huhisiwa kwa nusu ya kasi yake: mfokaji hupata nafasi pana, akatembea polepole anapotaka, kisha akamimina silabi kwa ghafla anapotaka kutisha.

Hesabu ya mizani pekee haitoshi. Katika arudhi silabi zote zina uzito sawa mbele ya mhesabuji. Mbele ya biti hazina. Katika nafasi 16, nne ndizo zenye nguvu: ya kwanza, ya tano, ya tisa na ya kumi na tatu, kwa kuwa ndizo zinazobeba mapigo yenyewe. Miongoni mwa hizo, ya tano na ya kumi na tatu hupigwa na ile ngoma kavu inayolia kama kofi. Kiswahili nacho kina mkazo wake usiobadilika kwa urahisi, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mfokaji hodari ni yule anayezikutanisha nguvu hizi mbili.

Chukulia mshororo uliobuniwa kwa ajili ya mfano huu: "Nimetoka kule nyuma, nakuja mbele kwa kasi." Mizani yake ni 16 kamili, nane kwa nane, na mwalimu wa arudhi hatakuwa na neno. Ukiuanzisha kwenye nafasi ya kwanza ya fungu, hata hivyo, mapigo manne yataangukia "ni-", "ku-" ya kule, "na-" na "-le" ya mbele. Ni moja tu kati ya hayo manne lenye mkazo halisi. Masikioni mshororo utasikika kama umetamkwa na mgeni wa lugha. Sasa uanzishe nafasi mbili kabla ya fungu kuanza, "nime-" ikitangulia kama mtu anayevuta pumzi. Pigo la kwanza litaangukia "-to-" ya nimetoka, la pili "nyu-" ya nyuma, la nne "ka-" ya kasi. Matatu kati ya manne yamepata mkazo, na mawili kati ya hayo yamekutana na ile ngoma kavu. Pigo la tatu linabaki kwenye "-ja", baada tu ya mkazo wa nakuja, na mkwaruzo huo mdogo ndio unaoufanya mshororo uyumbe kidogo mahali ambapo mchezaji angependa kuyumba. Maneno ni yale yale, na mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia, na karatasi haina alama ya kulionyesha hilo.

Jambo hili lina athari kwa kina. Katika mashairi mengi ya kimapokeo kina huhesabiwa kwa silabi ya mwisho: -ma kwa -ma, -si kwa -si. Katika hip-hop ya Kiswahili pigo linaangukia silabi ya kabla ya mwisho, kwa sababu huko ndiko mkazo uliko, na silabi ya mwisho huja nyuma yake kama kivuli. Sikio hudai ulinganifu pale pigo lilipo. Kwa hivyo kina kinachoridhisha katika fani hii ni cha silabi mbili: nyuma kwa chuma, kasi kwa wasiwasi. Anayelinganisha nyuma na salama ametimiza sheria ya arudhi, lakini mbele ya hadhira ya Dandora atakuwa amelinganisha kivuli akaacha mwili. Mhakiki anayesema kwamba vijana hawa "hawana vina" kwa sababu silabi za mwisho wa mishororo hazifanani huenda anatazama mahali pasipo na pigo.

Ni katika mwanga huo ambapo ukataji wa maneno katika Sheng unaeleweka zaidi. Kwa kawaida hufafanuliwa kama usiri wa rika au uvivu wa ulimi. Lakini tazama yanayotokea: Buruburu inakuwa Buru, Dandora inakuwa Dando, mji wa Kiingereza unakuwa tao, baraza la jiji linakuwa kanjo, mama anakuwa mathe. Takriban yote huishia kuwa maneno ya silabi mbili, yenye mkazo kwenye ya kwanza na irabu mwishoni. Hicho ndicho kipimo kinachokaa juu ya pigo bila kusukumwa. Haidaiwi hapa kwamba Sheng ilizaliwa studioni. Ilikuwapo mitaani miongo kadhaa kabla ya biti hizi, kama watafiti kutoka Alamin Mazrui hadi Chege Githiora walivyoonyesha. Inadaiwa tu kwamba mfokaji alipoingia studioni alikuta mtaa umekwisha kumchongea matofali ya ukubwa unaofaa. (Jua Cali ana wimbo uitwao "Ngeli ya Genge". Mwanafunzi wa isimu akiona jina hilo atakimbilia LI-YA. Mtaani, ngeli ni Kiingereza. Utani huo nao una silabi mbili na silabi mbili.)

Umekuwapo pia mjadala kuhusu kasi na uzito wa maudhui. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2000, wapenzi wa hip-hop ya Dandora waliushutumu mtindo wa kapuka, uliohusishwa na studio ya Ogopa DJs, kwa kuwa muziki wa miguu usio na kichwa. Genge nayo ilitiwa katika kapu hilo mara nyingi. Shutuma yenyewe ilikuwa na haki yake pale ilipohusu nyimbo mahususi. Ilipogeuzwa kuwa kanuni kwamba wimbo mchangamfu hauwezi kubeba jambo zito, haikuwa na msingi. Tofauti ya mapigo kumi kwa dakika haimnyimi mtunzi nafasi ya kusema; fungu lina nafasi zile zile 16. Isitoshe, wimbo wa kisiasa uliotikisa Kenya kuliko wote wa kizazi hicho, "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji, ulikuwa wa kuchezeka. Neno lake kuu liliunganisha mzizi wa Kijaluo wenye maana ya kutisha na viambishi vya Kiingereza, na mwaka 2002 likawa kauli ya muungano wa NARC katika uchaguzi ulioiondoa KANU madarakani. Watu waliuimba wakiruka.

Ufunguo

Ufunguo ni noti ambayo wimbo huiona kuwa nyumbani kwake, pamoja na familia ya noti zinazoizunguka. Familia mbili ndizo zinazokutwa zaidi: meja, ambayo sikio lililozoea kwaya za makanisani na zilizopendwa hulisikia kama lenye kuchangamka, na maina, yenye giza kidogo. Hip-hop kwa jumla hupendelea maina, na ya Eastlands si tofauti. La kuvutia ni kwamba maina hiyo huwekwa hata chini ya nyimbo za sherehe. Kinanda hurudia noti tatu au nne za huzuni, ngoma zinaruka, na mfokaji anatania. Mhakiki aliyezoea kulinganisha hali ya wimbo na maneno yake pekee hatauona mgongano huo, ilhali mara nyingi ndio unaobeba kejeli.

Uhusiano wa maina na huzuni, hata hivyo, usichukuliwe kuwa sheria ya maumbile. Taarabu ya Unguja hutumia makamu za Kiarabu ambazo sikio la Kizungu lingeziita za majonzi, na harusi huchezwa juu yake hadi alfajiri. Ufunguo husomwa ndani ya mazoea ya hadhira.

Kuna faida moja ambayo Kiswahili kinayo hapa na ambayo haitajwi mara kwa mara. Kijaluo na Kikuyu, lugha za nyumbani za wakazi wengi wa Eastlands, ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana ya neno. Kiswahili hakina toni ya aina hiyo. Mfokaji wa Kiswahili anaweza kuikokota sauti yake popote ufunguo unapomwelekeza, akaimaliza sentensi juu au chini, bila neno kugeuka neno jingine. Uhuru huo unaonekana hasa kwenye vibwagizo, ambapo kufoka hugeuka kuimba nusu.

Ufunguo una upande wa fizikia pia. Noti ya chini ya besi katika ufunguo wa A hutetema mara 55 kwa sekunde. Spika kubwa ya nyuma ya matatu huitoa hadi kifua kikatikisika. Redio ndogo ya kioski cha mboga, au simu ya mkononi, haiwezi; spika yake hufifia kwa sauti za chini kama hiyo. Mtengenezaji wa biti asipokumbuka hilo, wimbo wake utakuwa na besi Umoja barabarani na kukosa besi Umoja dukani. Ndipo huongeza mkwaruzo kidogo kwenye besi, ili zile sauti za juu zinazoifuata noti hiyo, za mitetemo 110, 165 na kuendelea, zisikike hata pale mzizi wenyewe usipofika. Sikio huijaza iliyokosekana.

Mchanganyo wa sauti

Kuchanganya sauti ni kazi ya kuamua kila sauti iwe na nguvu kiasi gani, ikae kushoto au kulia, na ichukue eneo gani kati ya sauti za chini na za juu. Wasikilizaji wengi hudhani ni kazi ya ufundi tu. Kwa mtu anayenakili maneno ya wimbo kwa ajili ya tasnifu, hapa ndipo matini inapozaliwa au kupotea.

Sauti za lugha hazikai mahali pamoja. Irabu zina nguvu katikati. Sauti za /s/ na /sh/ ziko juu sana, eneo ambalo matuazi ya biti hulikalia bila kupumzika. Nazali, zikiwemo zile za mb, nd na ng ambazo Kiswahili kimejaa, huhifadhi nguvu nyingi chini, jirani na besi na mngurumo wa injini ya dizeli. Biti yenye matuazi makali humeza "s", na matatu yenye injini kuukuu humeza "m" ya mbele. Irabu tu ndizo hufika zote salama, na kwa bahati njema Kiswahili ni lugha ya irabu nyingi.

Tatizo kubwa zaidi liko mwanzoni mwa neno. Kiswahili hukanusha kwa viambishi awali vya ha- na si-, na silabi hizo kwa kawaida hazina mkazo. Katika wakati uliopo kuna dhamana ya pili, kwa kuwa kitenzi cha Kibantu hubadilisha irabu ya mwisho: tunaogopa huwa hatuogopi, na msikilizaji aliyekosa mwanzo ataokolewa na mwisho. Wakati ujao hauna dhamana hiyo. Kati ya "tutarudi" na "hatutarudi" ipo silabi moja tu, nyepesi, yenye /h/ ambayo ni pumzi na si zaidi. Kwa kuwa mkazo wa neno uko mbali nayo, mfokaji mara nyingi huitupa nafasi moja kabla ya pigo la kwanza, na pigo la kwanza ndilo la ngoma nzito. Mtengenezaji asipoipunguza ngoma hiyo kidogo wakati sauti ya mtu inapoingia, "ha-" imekwenda. Mtaa mzima utaimba kwamba tutarudi.

Hilo si jambo dogo kwa nyimbo zilizosema habari za polisi, za ajira na za jaa la taka la Dandora. Watafiti wawili wakinakili wimbo mmoja, mmoja kutoka kwenye kanda ya redio na mwingine kutoka kwenye nakala ya studio, wanaweza kuandika kauli mbili zinazopingana na kila mmoja akawa mwaminifu. Ni vyema basi tasnifu inayochambua nyimbo itaje ilisikiliza nakala ipi, na kupitia chombo gani, kama vile mhariri wa utenzi anavyotaja hati ya mkono aliyoifuata. Tofauti za hati za tenzi za Lamu zimewapa wataalamu kazi ya miaka mingi. Nyimbo za Kalamashaka zinastahili uangalifu huo huo, na hazijaupata.

Genge ilichukua njia ya kupunguza. Biti zake nyingi zina vitu vichache: ngoma nzito, kofi, kinanda chenye noti za kuhesabika, na sauti ya mfokaji imewekwa mbele kabisa kama mtu anayeongea na wewe dirishani. Huenda upungufu wa vifaa ulichangia, lakini matokeo yake yalikuwa ya kishairi: kila silabi ina mahali pa kukaa. Gengetone ilirejesha sauti nyingi kwa mara moja, wafokaji watatu au wanne wakidakiana vibwagizo, na vishindo vya mtaa vikiachwa visikike. Mnakili atataabika nayo zaidi. Msikilizaji anayeijua hatataabika, kwa maana hadhira ndiyo inayoshika kibwagizo.

Neno mchanganyo lina maana ya pili, ile ya DJ anayeunganisha nyimbo bila kuziacha zikatike. Hapo kasi na ufunguo hurudi pamoja. Nyimbo mbili huungana zikiwa na kasi inayokaribiana na funguo zilizo jirani. Funguo mbili zilizo umbali wa noti ya tano hushirikiana noti sita kati ya saba, hivyo C maina huingia G maina bila kukwaruza. Zamani, kwenye sahani za santuri, kuongeza kasi kulipandisha pia sauti: wimbo wa mapigo 96 ukisukumwa hadi karibu 102 ulipanda nusu-toni, na sauti ya mfokaji ikawa nyembamba kidogo. Kompyuta imezitenganisha hizo mbili, na DJ wa leo hubadilisha kasi akauacha ufunguo ulivyo.

Matokeo yake kifasihi ni kwamba kasi huuamulia wimbo majirani. Wimbo mchangamfu wa genge, wenye kasi inayokaribia ya dansi ya Jamaika, husikika katika matatu ukiwa umefuatana na nyimbo za Kingston, na maana yake hupakwa rangi na jirani zake. Wimbo wa Dandora wenye mapigo 88 hausogei huko kwa urahisi. Hubaki na wenzake wa polepole, na pengine hiyo ni sababu moja kati ya nyingi iliyoufanya usikike mara chache barabarani na mara nyingi zaidi chumbani. Tangu 2023 hivi, mtindo wa arbantone umeichukua tabia hiyo ya DJ na kuiingiza ndani ya utunzi wenyewe: mtunzi huanza na kipande cha wimbo wa zamani unaojulikana, kisha hutunga juu yake. Malenga wa gungu aliyepokea ubeti wa mwenzake na kuujibu kwa vina vyake angeielewa kazi hiyo mara moja.

Kwa mtafiti, zana zimebadilika pia. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu iitwayo Spleeter, inayoweza kuitenga sauti ya mtu na ngoma na besi kutoka katika rekodi iliyokwisha kuchanganywa, na nyingine za aina hiyo zimefuata. Kwa mara ya kwanza inawezekana kuisikiliza "ha-" bila ngoma nzito juu yake, hata pale ambapo kanda asilia za studio hazipatikani tena. Tahadhari moja inahitajika. Programu hizo hukisia, na sauti zinazofanana na matuazi, yaani "s" na "sh", ndizo zinazoelekea kuondolewa pamoja na matuazi yenyewe. Mtafiti anayechunguza ukanushaji wa si- atalazimika kuzisikiliza nakala zote mbili, ile iliyotengwa na ile iliyochanganywa, na kuandika pembeni ni ipi iliyompa silabi gani.